Nimefuta Ng'ombe wa Marehemu Kaka Yangu

Shangazi Restituta,

Shikamoo shangazi. Naomba unipokee jinsi nilivyo, maana nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, na kama misa ya kumbukumbu ya kaka yangu isingekuwa inakaribia ningeendelea kunyamaza tu kama ninavyonyamaza tangu tuvune maharage. Mimi ni dada wa hapa Maretadu, nilimaliza kidato cha nne, sijaolewa, naishi na baba yangu mzee Margwe ambaye macho yake yameingia ukungu, mama alishatangulia, tunalima mahindi na maharage na tuna ng'ombe mmoja na ndama wake, na huyo ndama ndiye sababu ya haya yote ingawa yeye hana kosa. Majina yetu yabadilishe kama unavyobadilisha ya wengine, lakini majina ya ng'ombe nakuomba uyaache yalivyo.

Nilikuwa na kaka mmoja tu, Patriki. Alipokuwa mvulana anachunga, kuna mzungu alikuja kujitolea parokiani, na siku ya kuondoka akamwachia Patriki kimashine cha gemu, kile cha zamani cha kushika mkononi, kinatumia betri za tochi na kaseti ndogo inachomekwa nyuma. Gemu yenyewe ni ya mazimwi: unatembea porini, unayakamata, unayafuga, unayapiganisha na mazimwi ya wengine mpaka unakuwa bingwa, na kila zimwi unaruhusiwa kulipatia jina unalotaka. Sasa Patriki kwa vile siku nzima yuko na ng'ombe za baba, kila zimwi alilokamata akalipatia jina la ng'ombe wa nyumbani. Ng'ombe wetu walikuwa wanaitwa kwa mahali walikotoka, aliyenunuliwa mnada wa Dongobesh ni Dongobesh, aliyekuja na mahari ya shangazi yetu kutoka Haydom ni Haydom, kwa hiyo ungemkuta Patriki amekaa juu ya jiwe anapiga kelele peke yake, "Dongobesh, mpige! Haydom, rudi nyuma!" na ng'ombe wenyewe wanageuka kumwangalia.

Halafu ukaja ule ukame. Sitaki kueleza sana, wewe ni mtu wa huku unajua, ng'ombe walikufa mmoja mmoja na waliobaki wakauzwa wakiwa mifupa, na baba hakulia, aliacha tu kukaa upande ule wa nyumba unaotazama zizi. Patriki akaoa, akajenga Hirbadaw na mkewe Fransiska, wakapata binti yao Jenifa, na kimashine alikuwa nacho siku zote mpaka alipougua mapafu akatutoka. Tulipomaliza matanga wifi Fransiska akamletea baba kile kimashine kimefungwa kwenye kitenge, akasema, "Baba, hawa ni ng'ombe wenu. Wote wako humu." Baba akakishika, akakigeuzageuza, kisha akanipa mimi akasema, "Nakukabidhi. Wachunge." Shangazi, alisema kwa maneno yale yale ambayo mtu anamwambia jirani akimpelekea ng'ombe wa kulisha.

Kuanzia hapo ikawa kila Jumapili tukitoka kanisani baba ananiambia, "Judica, hebu niwashie ng'ombe za Patriki." Nawasha, nafungua orodha, namsomea jina moja moja na yeye anajibu. "Dongobesh." "Eee, huyo alikuwa mkorofi, alimpiga mama yako teke akamwaga maziwa yote." "Haydom." "Huyo ndiye amewalea nyinyi wote wawili." Na muziki unalia taratibu, maana Patriki alikuwa amesimamisha gemu yake kwenye kijiji fulani chenye wimbo wa polepole, kama wa kubembeleza mtoto, na baba akawa anaufuata kwa mluzi. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake ya wiki nzima, na mimi ndiye niliyeiondoa.

Ilianza hivi. Katika kutafuta kwenye simu namna ya kusafisha kile kimashine nikakuta kuna watu wanaikimbiza ile gemu, wenyewe wanaita spidirani, yaani huchezi kwa kuzurura, unaanza mwanzo kabisa na saa inahesabu, unakata njia zote fupi mpaka unaimaliza, na mwenye muda mdogo ndiye mkali. Kuna kundi la vijana wa hapa Tanzania, kiongozi wao anaitwa Kelvin, yuko Babati, huyo ndiye aliyenifundisha. Aliniambia, "Dada, gemu ya kwenye simu ni ya mazoezi tu. Rekodi hatuipokei mpaka tuone kimashine chenyewe." Na katika kundi zima wenye kimashine chenyewe kinachofanya kazi tulikuwa mimi na yeye. Shangazi, mimi katika maisha yangu sijawahi kuwa wa kwanza katika kitu chochote, shuleni nilikuwa wa katikati, kwaya nilikuwa wa nyuma, na hapa watu nisiowajua wananiambia dada una mkono mwepesi sijapata kuona, basi kichwa kikavimba.

Nilimuuliza Kelvin, nikianza gemu mpya ile ya kaka itafutika? Akasema hapana, ya zamani inakaa palepale ndani ya kaseti ilimradi usisevu, yaani usiihifadhi ile mpya, ukizima bila kusevu inarudi kama ilivyokuwa, na mtu anayekimbiza hana haja ya kusevu. Nikajaribu, nikazima, nikawasha, Dongobesh yupo. Nikaona niko salama. Kwa hiyo nikawa nakimbiza kila mchana baba akijinyoosha, na Jumapili namwashia ng'ombe wake kama kawaida, na sikumwambia kitu.

Sasa naomba uelewe jambo moja kuhusu kukimbiza. Ile gemu ina maneno mengi sana, kila mtu unayekutana naye njiani anakuhutubia, na mkimbizaji hasomi. Unabonyeza kile kitufe cha kukubali mfululizo, ta-ta-ta-ta, ndiyo, ndiyo, ndiyo, maneno yanapita tu, kwa sababu kila sentensi utakayoisoma muda wako unaondoka. Kidole changu nimekizoeza hivyo miezi na miezi, kibonyeze kabla jicho halijasoma.

Siku yenyewe nilikuwa nakwenda vizuri kuliko siku zote, nimebakiza pango la mabingwa wa mwisho, simu iko juu ya ndoo inarekodi, na taa ndogo ya betri imeanza kufifia. Ndipo baba akaniita kutoka zizini, "Judica! Judica weee! Ng'ombe amekwama!" Alikuwa anazaa, miguu ya ndama imetoka na kichwa hakitoki, na baba haoni. Mzazi akiita huwezi kumwambia subiri. Nikajua rekodi imeshaharibika, lakini roho ikanishika, nikasema angalau nisevu nije kuimaliza, nisipoteze kazi yote hii betri zikifa. Nikachagua kusevu. Gemu ikauliza kitu kwa Kiingereza, kidole kikabonyeza. Ikauliza tena, kidole kikabonyeza. Nimeshafika mlangoni ndipo yale maneno niliyoyapita yakaniingia kichwani, kwamba humu kuna gemu nyingine ya zamani, itafutika, unakubali?

Nilimvuta yule ndama huku nalia, baba akafikiri nalia kwa furaha, akawa ananipigapiga begani, "Umefanya vizuri mwanangu, umefanya vizuri." Ndama mpaka leo hana jina. Nikimuuliza baba anasema, "Tutaona."

Jumapili iliyofuata akaniambia niwashe. Nikawasha, na badala ya ule wimbo wa kijiji zikalia ngoma za haraka za pangoni, maana mimi ndiko nilikokuwa nimesevu, nikapunguza sauti upesi nikaanza kumsomea majina kutoka kichwani. Akajibu kila mmoja kama siku zote. Nilipofika mwisho akasema, "Umemruka Basotu." Nikasema, "Samahani baba, kidole kimeteleza." Akasema, "Haya." Jumapili nyingine, hata kabla sijakishika kimashine, akasema, "Usiwashe, utamaliza betri. Nisomee tu." Na tangu hapo ndivyo tunavyofanya, nakishika kimezimwa, namsomea ng'ombe ambao hawapo, yeye ananijibu, na tukimaliza baba yangu ambaye hajawahi kunidanganya hata siku moja ananiambia asante mwanangu. Shangazi, ni heri angenichapa.

Ningeweza kuendelea hivyo hivyo, lakini kwenye misa ya Patriki wifi Fransiska anakuja na Jenifa, na baba amewatangazia ndugu wote kwamba baada ya chakula kimashine kitakabidhiwa kwa Jenifa, maana sasa anajua kusoma, na yeye ndiye atakayewasoma ng'ombe wa baba yake mbele ya ukoo. Mtu pekee anayejua ukweli ni Kelvin. Nilipomwambia akacheka kidogo, akasema, "Dada, kwa mkono wako huo unawarudisha wote kabla ya misa. Nani atajua?" Na Mungu anisamehe, nimeshaanza. Ile gemu mwanzoni inakuuliza wewe ni nani, na kila zimwi linabaki limeandikwa jina la mtu aliyelikamata, kwa hiyo ili nisijulikane nimeandika PATRIKI. Nimekaa kwenye kigoda cha kaka, nimejiita kwa jina lake, nimekimbiza na kukamata na kubatiza, na sasa wako karibu wote. Basotu nimempa zimwi la mawe kwa sababu sikumbuki kaka alimpa lipi. Wamejipanga vizuri kwenye orodha, shangazi, na nikiwaangalia simwoni ng'ombe hata mmoja.

Sasa naomba uniambie. Nimalizie, ili baba abaki na amani yake na mtoto apate kitu cha baba yake? Au niseme, nimvunje mzee moyo wakati wa misa ya mwanawe? Na wifi nitamtazama kwa macho gani, yeye aliyekileta kimefungwa kwenye kitenge? Chakula hakipiti, nimekonda mpaka majirani wananiuliza kama naumwa. Naijutia siku niliyoanza kukimbiza, naijutia hata sifa niliyoipata. Nisaidie shangazi.

Mwenye majuto,
Maretadu


SHANGAZI RESTITUTA ANAJIBU

Mwanangu,

Marahaba. Majina yenu nimeyabadilisha, ya ng'ombe nimeyaacha. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu hiyo spidirani ilinishinda mwanzoni: watu wanatafuta gemu kwa shida, halafu wanashindana nani ataachana nayo haraka. Haya, kila mtu na starehe yake. Gemu mimi siijui. Ng'ombe nawajua, nimezaliwa Nangwa na nimekulia zizini, kwa hiyo wewe na mimi tutaongea habari za ng'ombe.

Kidole nakisamehe. Mzazi wako aliita, ng'ombe alikuwa anakufa, ukakimbia. Ningekuwa na binti wa kumtuma kwenye shida kama ile ningependa awe mwenye miguu kama yako. Ndama yuko hai na mama yake yuko hai, hilo usilisahau hata kama leo halikufariji.

Nisichokisamehe haraka ni kingine. Ulikabidhiwa ng'ombe wa watu ukawapeleka kwenye mashindano. Ng'ombe wa kulisha unapata maziwa yake, unapata samadi yake, lakini kumtumia kwa sifa zako bila mwenyewe kujua, weee, nani alikuruhusu? Ulimuuliza Kelvin wa Babati kama ni salama. Baba yako mko naye nyumba moja, hukumuuliza. Ulijua atasema nini, ndiyo maana ulikuwa unacheza akiwa amejinyoosha.

Na wewe ni mtoto wa huko, unajua ng'ombe wa kulisha akifia mikononi mwa jirani inakuwaje. Jirani hangoji kuulizwa. Anamchuna, anakunja ngozi, anaibeba begani mpaka kwa mwenye ng'ombe, anaiweka chini na kusema, amekufa, na alikufa hivi. Mwenyewe anaikunjua, anaitazama alama yake, anauliza anachouliza, anaweza kufoka mpaka majirani wakasikia. Halafu wanakaa, wanakunywa, na mwaka mwingine anaweza kumpa ng'ombe tena. Nimemwona baba yangu akipokea ngozi namna hiyo, na nimemwona akiilazia mkono kama mnyama bado yuko ndani. Lakini yule jirani anayekwenda mnadani kutafuta ng'ombe wa rangi ile ile, akamkata masikio kwa alama ile ile, akamwingiza zizini bila kusema kitu, huyo sisi tunamwita mwizi, hata kama ng'ombe hawajapungua.

Ndicho unachofanya sasa. Tena wewe umezidi, maana umechukua na jina la marehemu. PATRIKI! Nilipofika hapo nilisema kwa sauti peke yangu jikoni, "Huyu mtoto ana wazimu?" Kaka yako alikamata wale wanyama akiwa juu ya jiwe na ng'ombe wenyewe wako mbele yake. Wewe umewakamata kwa hofu. Jenifa akija kukua, akashika kile kimashine akitafuta mkono wa baba yake, atakuwa ameshika mkono wako wewe. Utampa mtoto yatima urithi huo?

Sasa nikuambie jambo ambalo umeliandika mwenyewe na hukulisoma, kama ulivyozoea.

Baba yako haoni vizuri, sawa. Ni kiziwi? Mzee aliyekuwa anaufuata ule wimbo kwa mluzi kila Jumapili, ukamwashia ngoma za pangoni, ukadhani ukipunguza sauti umemdanganya? Kisha ukamruka Basotu. Mtu anayesoma orodha haruki, baba yako amekusikiliza ukisoma wakati wote huo na hukuwahi kuruka. Na Jumapili iliyofuata akakuambia usiwashe. Ati betri! Mwanangu, betri ni betri, kabla ya siku hiyo aliwahi kuzitaja? Alikuwa anakuzuia usiendelee kujiaibisha mbele yake. Mzee anajua. Sijui kama anajua umefanyaje, lakini anajua ng'ombe hawapo, na kila Jumapili anakaa pale anakujibu jina baada ya jina, anakuambia asante, anangoja ulete ngozi.

Nilipoelewa hivyo niliiweka barua yako chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa hiyo usiniulize kama umvunje moyo au usimvunje. Ulishavunjika. Amewapoteza ng'ombe mara ya pili, na safari hii anaomboleza peke yake huku wewe umekaa pembeni yake umeshika kimashine kilichozimwa. Huenda hata hilo tangazo la Jenifa amelitoa kwa sababu amechoka kungoja. Hilo siwezi kuapa, wazee wana mambo yao.

Utafanya hivi. Usingoje siku ya misa, misa ni ya Patriki, siyo yako. Kesho asubuhi ukishakamua, mpe baba yako uji, msubiri amalize, kisha kaa chini kabisa, siyo kwenye kigoda. Weka kimashine mapajani mwake, kimezimwa. Sema, "Baba, ng'ombe ulionikabidhi wamefia mikononi mwangu, nimekuletea ngozi." Halafu eleza, kukimbiza, sifa, kidole, ngoma, Jumapili zote. Usianze na kilio, ukianza na kilio yeye ndiye atakayeanza kukubembeleza na hutasema lolote. Na usikimbilie kumwambia kwamba ni yeye aliyekuita. Akiuliza, mjibu kweli. Asipouliza, hiyo ibebe wewe.

Akifoka, nyamaza. Akinyamaza, nyamaza naye, hapo ndipo patakapokuwa pagumu kwako wewe mwenye haraka.

Baadaye mpigie Fransiska mwenyewe, usimtume baba. Atalia, anaweza kukukatia simu. Ni haki yake, yeye ndiye aliyelala karibu na Patriki akimsikia anakohoa. Mpigie tena jioni. Aje kwenye misa akiwa ameshasikia, asisikie kwa mara ya kwanza mbele ya sufuria za pilau na macho ya ukoo mzima. Na Jenifa aambiwe. Mtoto aliyejifunza kusoma juzi hapewi uongo kuwa kitabu chake cha kwanza.

Kelvin mshukuru kwa aliyokufundisha, na mwambie katika hili la pili alikushauri kama mtu ambaye hajawahi kuzika. Kukimbiza sikukatazi. Kama una mkono mwepesi kweli, kimbiza kwenye simu yako, ukishindwa kuandikwa juu kwenye rekodi hutakufa. Kile kimashine hakikimbizwi tena.

Na ng'ombe? Hawatarudi, hilo lazima ulimeze. Lakini mwenye majina yuko hai, anakaa na wewe, na amekujibu muda wote huo hata pale ulipokuwa hustahili kujibiwa. Muulize Basotu alikuwaje, kwa sababu nina uhakika ulimsahau kwa kuwa hukuwahi kumsikiliza vizuri. Kisha baada ya misa wakae wawili hao, babu na mjukuu, waianze gemu mwanzo kabisa kwa jina la JENIFA. Wewe kaa nyuma yao, saidia pale tu wanapokwama. Kila mtu wa humo atakayehutubia, Jenifa amsome mpaka mwisho na amweleze babu yake kwa Kiswahili, hata kama itawachukua mpaka mavuno mengine. Mazimwi watayapa majina wanayotaka wao. Wakirudia ya ng'ombe ni sawa, wakileta mapya ni sawa, hilo wewe huna kauli.

Jina la ndama usimuulize tena. Atalitaja mwenyewe akiwa tayari.

Imebaki ile orodha yako ya bandia. Usiifute kwa siri, umeshafanya mengi kwa siri. Siku Jenifa anapoanza, pandisha sauti, mketishe baba yako karibu, na mtoto akitaka kusevu mara ya kwanza gemu italeta lile swali lake tena. Hapo mwombe Jenifa akupe kimashine kwa muda. Msomee baba yako kwa Kiswahili, neno kwa neno: humu kuna nyingine ya zamani, itafutika, unakubali? Ngoja mpaka ajibu. Halafu ndipo ubonyeze.